Kasoro ya kerneli na simu za Darajani

Simu ya kwanza ya Android iliingia sokoni mwaka 2008. Tangu hapo hadi Oktoba 2016, kila simu ya aina hiyo iliyofika Unguja, iwe imeshuka bandarini Malindi na boti ya kutoka Dar es Salaam au imekuja ndani ya begi la mfanyabiashara aliyetoka Dubai, ilifika na kasoro moja ile ile. Haikuwa kwenye kioo, wala kwenye betri, wala kwenye tachi. Ilikuwa ndani kabisa, kwenye sehemu ya programu inayogawa kumbukumbu, na mwenye kuijua aliweza kuimiliki simu nzima kwa sekunde chache bila mwenyewe kuona dalili yoyote.

Kasoro hiyo ilipewa jina la Dirty COW. Kwenye orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu imeandikwa kwa namba CVE-2016-5195. Imesharekebishwa zamani, na msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini leo tuirudie. Naiandika kwa sababu sijaona kisa kingine kinachoonesha vizuri kama hiki jinsi kompyuta inavyotibiwa kutoka ndani, nani anayeitibu, na kwa nini dawa ikishapatikana huko Marekani inaweza isifike Mkunazini hata baada ya miaka mingi.

Mtu anapofungua WhatsApp huiona WhatsApp. Haoni kwamba chini yake kuna programu nyingine isiyo na sura wala kitufe, ambayo haipumziki mpaka simu izimwe. Hiyo ndiyo kerneli, moyo wa mfumo endeshi. Ndiyo inayozungumza na chip, antena na kamera. Ndiyo inayoamua programu ipi ifanye kazi sasa na ipi isubiri, na ndiyo inayoshika RAM na kuigawa. Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Leo imo katika kila simu ya Android, katika seva nyingi za benki na serikali duniani, na katika vile visanduku vya intaneti vinavyomweka taa kwenye kaunta za hoteli za Shangani. Kufikia mwaka 2016 ilikuwa na zaidi ya mistari milioni 20 ya msimbo, iliyoandikwa na maelfu ya watu wa nchi mbalimbali, na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma wote bila malipo.

Kumbukumbu hugawanywa vipande vidogo vinavyoitwa kurasa. Kwenye simu na kompyuta nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Simu ya bei nafuu ya miaka ile, yenye RAM ya gigabaiti moja, ina kurasa 262,144, na kila ukurasa una habari zake kwenye majedwali ya kerneli: nani anautumia, ana ruhusa ya kusoma tu au na kuandika pia, na kama umebadilishwa tangu uliposomwa kutoka kwenye diski. Programu za kawaida hazijui lolote kuhusu majedwali hayo. Kila moja hudhani kumbukumbu yote ni yake peke yake, na chip, kwa kufuata yaliyoandikwa na kerneli, huelekeza kila ombi kwenye ukurasa wake wa kweli.

Gigabaiti moja ni kidogo, na hapa ndipo akili ya waliobuni mifumo hii inapoonekana. Ndani ya Android kuna programu mama inayoitwa Zygote. Simu inapowashwa, Zygote hupakia kwenye kumbukumbu vitu ambavyo kila programu itavihitaji. Kisha kamera, redio, kikokotoo na WhatsApp huzaliwa kutoka kwake, na zote husoma kurasa zile zile bila kuzinakili. Programu moja ikitaka kubadilisha ukurasa, hapo tu kerneli huitolea nakala ya ukurasa huo mmoja, na nyingine zikaendelea na ule wa asili. Kunakili huku kwa dakika ya mwisho, kwa Kiingereza copy-on-write au COW kwa kifupi, ndiko kunakoiwezesha simu ya laki moja na ushei kufungua programu kumi kwa pamoja. Huwezi kukuondoa ukabaki na simu inayotumika, na kwa hiyo kasoro ikiingia mahali hapo haina njia ya mkato ya kuikwepa.

Kuielewa kasoro yenyewe, fikiria hati ya zamani iliyohifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Hati ni ya kusomwa tu. Tuseme msomaji anajaza fomu kwamba anataka kuandika maoni pembeni mwa maandishi. Karani anajua la kufanya: anatoa nakala ili kalamu iguse nakala na asili ibaki salama. Nakala ikishakuwa tayari, karani anafuta kwenye fomu maneno “anataka kuandika”, kwa kuwa anaona shughuli hiyo imekwisha. Anageuka kwenda kuichukua karatasi. Kabla hajafika mezani, mwenzake msomaji ameinyakua ile nakala na kuitupa. Karani anatafuta nakala, haipo. Anaangalia fomu, na fomu haisemi tena kwamba huyu ana nia ya kuandika. Kusoma hati ya asili ni ruhusa kwa kila mtu, basi anamletea asili. Na msomaji ana kalamu mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa ndani ya Linux. Mshambuliaji alihitaji programu ndogo yenye nyuzi mbili zinazokwenda sambamba. Uzi wa kwanza huiomba kerneli, tena na tena, iandike kwenye ukurasa wa faili ambalo mtumiaji wa kawaida amekatazwa kulibadilisha. Uzi wa pili huiambia kerneli, nao tena na tena, kwamba nakala ile haihitajiki na itupwe. Mara nyingi nyuzi hizi hupishana na lolote halitokei. Lakini kompyuta haichoki. Baada ya maelfu ya majaribio, ambayo kwake ni muda mfupi tu, zinakutana kwenye ule upenyo mdogo kati ya kufutwa kwa alama na kuletwa kwa ukurasa, na maandishi yanaangukia kwenye faili la asili. Likiwa ni faili la orodha ya watumiaji, au programu inayoendeshwa kwa mamlaka yote ya mfumo, basi aliyeingia kama mgeni amekuwa mwenye nyumba. Na hakuna kumbukumbu ya kawaida inayosajili kwamba jambo hilo limefanyika, kwa sababu kila hatua peke yake ilikuwa halali.

Historia ya kuirekebisha inastahili kusimuliwa taratibu. Torvalds mwenyewe aliiona hatari hii mwaka 2005, mwezi Agosti, akaandika rekebisho. Rekebisho lile lilitegemea alama ambayo huwekwa kwenye jedwali la kumbukumbu kuonesha kwamba ukurasa umeshaandikwa. Kwenye kompyuta za kawaida lilifanya kazi. Kwenye mashine kubwa za IBM za aina ya s390, zinazotumiwa na mabenki na makampuni makubwa, alama hiyo haikuwa ikikaa kwenye jedwali bali mahali pengine, na kwa hiyo kerneli ilikuwa ikiangalia pasipo na jibu. Siku chache tu baadaye rekebisho likaondolewa ili mashine hizo ziendelee kufanya kazi. Wakati ule watu waliichukulia hatari yenyewe kuwa ya nadharia tu: nani angeweza kuupata upenyo mdogo kiasi kile?

Nasimama kidogo kwenye alama hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyolipa tatizo nusu ya jina lake. Wataalamu huuita ukurasa “mchafu” ukiwa umeshabadilishwa kwenye RAM lakini haujapelekwa kwenye diski. Mfumo endeshi huzisafirisha kurasa chafu kwenda diskini kila baada ya muda mfupi, lakini umeme ukikatika kabla ya hapo, zimekwenda. Unguja tunalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme unaoletwa na waya wa chini ya bahari kutoka bara ulikatika, na kisiwa kikakaa karibu miezi mitatu kikitegemea majenereta. Kila aliyekuwa na kazi ambayo hajaihifadhi kwenye kompyuta saa ile alipoteza kurasa zake chafu zote kwa mara moja, hata kama hakuwa na habari kwamba zina jina.

Tukirudi kwenye kisa, dunia ilibadilika huku kasoro imekaa pale pale. Uchunguzi wa baadaye ulionesha kwamba matoleo yaliyo hatarini yanaanzia 2.6.22, lililotoka Julai 2007. Prosesa zikaanza kuja na viini viwili, vinne, vinane, hata kwenye simu, na nyuzi mbili zikaweza kwenda kwa wakati mmoja kweli kweli. Sehemu ya kerneli inayoshughulika na kumbukumbu nayo ikaboreshwa ili ihimili kazi nyingi kwa pamoja. Kilichokuwa nadharia mwaka 2005 kikawa jambo la kufanyika mezani. Torvalds aliliandika hili waziwazi kwenye maelezo ya rekebisho lake la mwaka 2016, akakiri pia kwamba jaribio lake la kwanza, miaka kumi na moja nyuma, halikuwa zuri. Naheshimu sana uandishi wa namna hiyo. Maelezo yale yanasomwa na dunia nzima, na yeye ndiye mwenye mradi. Angeweza kuandika mstari mmoja mkavu na kuondoka.

Aliyeifichua kasoro ni mtaalamu wa Linux anayeitwa Phil Oester, na namna alivyoifichua ina somo kwa kila ofisi yetu yenye seva. Oester alikuwa na desturi ya kuhifadhi nakala ya mawasiliano yote ya wavuti yanayoingia kwenye seva anazozisimamia. Moja iliposhambuliwa, alirudi kwenye hifadhi hiyo, akaitoa ile programu ya mshambuliaji kama ilivyoingia, akaijaribu mwenyewe na kuiona ikifanya kazi. Maana yake ni kwamba kulikuwa na watu wanaoitumia kabla wenye kerneli hawajajua kwamba ipo hai. Bila ile desturi ya kuhifadhi, seva ingesafishwa na kuwashwa upya, na kasoro ingeendelea na maisha yake.

Rekebisho lenyewe lina tarehe ya 13 Oktoba 2016. Limegusa mafaili mawili tu, na msimbo wake haufiki mistari ishirini. Ukilifungua, mabadiliko makubwa yamo kwenye faili linaloitwa gup.c, ndani ya folda ya usimamizi wa kumbukumbu. Zamani, baada ya kutoa nakala, kerneli ilikuwa ikiifuta alama ya FOLL_WRITE, inayosema “naomba kuandika”. Torvalds aliondoa tabia hiyo. Alama ya kuandika sasa inabaki hadi mwisho, na pembeni yake inaongezwa alama mpya, FOLL_COW, yenye maana kwamba nakala imeshatolewa. Alama mpya peke yake haiaminiwi. Kabla ya kuruhusu maandishi, kerneli inaukagua ukurasa ulioletwa: je, una alama ya uchafu inayoonesha kwamba kweli ndiyo ile nakala? Kama hauna, basi nakala imetupwa njiani, na kazi inaanza upya kwa kutoa nyingine. Mashine za s390 zilikuwa zimesharekebishwa zikaweza kuijibu hoja hiyo, na kwa hiyo kikwazo cha mwaka 2005 hakikuwapo tena. Hugh Dickins na Michal Hocko, watu wawili walioishi na msimbo wa kumbukumbu kwa miaka mingi, walilipitia na kulikubali. Tarehe 20 Oktoba matoleo yaliyorekebishwa, 4.8.3, 4.7.9 na 4.4.26, yalikuwa yametolewa kwa dunia nzima.

Wiki moja kwa kasoro ya miaka tisa. Lakini wanaodhani kazi ya kerneli hukoma siku rekebisho linapopokelewa wasikilize yaliyofuata. Novemba 2017 watafiti wa kampuni ya Bindecy walionesha kwamba rekebisho la Torvalds lilikuwa na upungufu kwenye kurasa kubwa, zile ambazo kerneli huziunganisha pamoja ili kuharakisha kazi. Ikabidi litolewe rekebisho jingine. Mwaka 2022 David Hildenbrand wa Red Hat aliigundua njia nyingine ya kuirudisha kasoro ya aina ile ile kwenye kerneli mpya, kwa kupitia aina maalumu ya kumbukumbu inayoshirikiwa. Yeye hakuweka kiraka juu ya kiraka. Kwa kuwa yeye na wenzake walikuwa wameshaujenga upya utaratibu wa kutambua ukurasa ni wa nani, aliweza kuiondoa kabisa alama ya FOLL_COW na kuweka ukaguzi ulio imara zaidi. Alama iliyoiokoa dunia mwaka 2016 haimo tena kwenye kerneli za leo.

Sasa tuifuate safari ya kiraka kuja huku kwetu. Torvalds anaishi Oregon, pwani ya magharibi ya Marekani. Rekebisho lilipotoka kwake liliingia kwenye kerneli kuu, likapelekwa kwenye matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu, kisha likachukuliwa na Google. Google ililiorodhesha kwenye taarifa ya usalama ya Novemba 2016, na likawa la lazima kwa simu yoyote itakayojitangaza kuwa na ulinzi wa tarehe 5 Desemba 2016. Kutoka hapo lilipaswa kupita kwa mtengenezaji wa chip, ambaye ana kerneli yake aliyoibadilisha. Halafu kwa mtengenezaji wa simu, ambaye naye ana yake. Halafu, kwa baadhi ya nchi, kwa kampuni ya mtandao. Kila mmoja katika mlolongo huo ana uwezo wa kuamua kwamba simu hii ni ya zamani na haimlipi tena kuihudumia. Simu za bei ya chini ndizo zinazosahauliwa mapema, na simu za bei ya chini ndizo zetu.

Mwisho kabisa yupo mwenye simu mwenyewe, na hapo kuna bando. Sasisho la mfumo linaweza kula megabaiti mamia. Mtu anayenunua bando la siku ili aongee na mwanawe aliyeko Muscat hatalitumia kupakua kitu asichokiona na ambacho hakuna aliyemwambia faida yake. Simlaumu. Nimewasikia wataalamu wakisema kwamba watumiaji wetu ni wavivu wa kusasisha, na kauli hiyo naikataa: mtu amepewa simu isiyotunzwa na aliyeitengeneza, ameuziwa intaneti kwa kipimo, kisha anaambiwa kosa ni lake.

Kujua simu yako iko wapi si kazi ngumu. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, kisha gusa toleo la Android. Utaona tarehe ya sasisho la usalama, na karibu yake namba ya kerneli. Simu nyingi za miaka ile zilikuwa na kerneli inayoanzia na 3.4, 3.10 au 3.18. Namba hiyo peke yake haitoshi kuhukumu, kwa sababu mtengenezaji mwema anaweza kuitia dawa kerneli ya zamani bila kuibadilisha namba. Tarehe ndiyo ya kuangalia. Ikiwa ni ya kabla ya tarehe 5 Desemba 2016, au simu ni ya zamani kiasi kwamba haina kabisa mstari wa tarehe, basi ichukulie kwamba kasoro bado imo humo.

Na simu kama hizo zinaishi miaka mingi Unguja. Simu ya mtumba hupita kwa kaka, ikaenda kwa mama, ikamalizikia kwa mtoto wa skuli anayeangalia katuni. Atakayeharibikiwa ni nani? Septemba 2017 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilitoa taarifa ya programu ovu iliyopewa jina la ZNIU, ya kwanza kujulikana kutumia Dirty COW kushambulia simu za Android. Ilikuwa imefichwa ndani ya zaidi ya programu 1,200, mara nyingi michezo na picha za ngono zinazopakuliwa nje ya duka rasmi, na ilionekana katika nchi zaidi ya 40. Ikishaimiliki simu, ilikuwa ikituma ujumbe wa kulipia bila mwenyewe kujua na kufuta ushahidi. Walioathirika zaidi walikuwa China na India, lakini njia iliyotumika ndiyo tunayoitumia sisi kila siku, ya kurushiana faili la programu kwa WhatsApp au kwa kadi ya kumbukumbu. Anayemiliki kerneli anasoma ujumbe wote unaoingia, pamoja na ule wenye namba ya siri ya muda inayotumwa na benki. Mwenye simu ya namna hiyo asiweke humo programu ya benki, na asipakue programu ila kutoka duka rasmi. Hilo halihitaji fedha.

Kuna watu wengine ambao habari za usalama wa kompyuta huwapita pembeni bila kuwataja, nao ni mafundi. Pita Darajani au Mlandege alasiri, uone meza ndogo yenye taa, blowa ya kuyeyushia risasi, trei ya skrubu na kompyuta ya mapajani iliyounganishwa na simu iliyokwama kwenye nembo. Fundi anaflashi: anafuta mfumo wote wa simu na kuweka mwingine aliouhifadhi kwenye diski yake. Kwa kitendo hicho anachagua simu ile itatumia kerneli gani kwa miaka yote iliyobaki. Akiweka faili la mwaka 2015 kwa kuwa ndilo alilonalo, ameirudisha simu kwenye kasoro hata kama ilikuwa imeshapona. Akiweka faili jipya, ameifanyia kazi ambayo mtengenezaji ameikataa. Wapo pia mafundi waliowahi kuitumia Dirty COW yenyewe kuruti simu za wateja, yaani kuzifungua kwa mamlaka yote ya mfumo, pengine bila kujua jina lake, kwa kubonyeza kitufe kwenye programu waliyoipata mtandaoni. Tangu Desemba 2016 kuna mradi wa LineageOS, unaoendeshwa na wachangiaji wa kujitolea, ambao umezipa simu nyingi zilizotupwa na watengenezaji mifumo mipya yenye viraka. Fundi aliyefunzwa kutofautisha faili lenye viraka na lisilo navyo ana faida kwa mtaa wake kuliko semina nyingi za hotelini. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ingeweza kuliingiza somo hili kwenye kozi fupi bila kujenga hata jengo moja.

Ofisi nazo zina sehemu yao. Seva ya Linux haiponi kwa sababu rekebisho limetangazwa. Lazima mtu alisakinishe, na mara nyingi lazima seva izimwe na kuwashwa upya ndipo kerneli mpya ishike kazi. Nimewahi kuoneshwa kwa fahari, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, seva iliyokuwa haijazimwa kwa miaka zaidi ya miwili. Fahari hiyo haina msingi. Seva ya namna hiyo inaendesha kerneli ya siku ilipowashwa, na kila kiraka kilichosakinishwa baada ya hapo kimelala kwenye diski tu.

Linabaki jambo linaloniuma zaidi. Waswahili si wageni katika programu huria. Desemba 2004, kupitia mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na Waswidi, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini tulitafsiri menyu na vitufe, yaani uso wa kompyuta, tukaishia usoni. Msimbo unaogawa kumbukumbu kwenye simu zetu unaandikwa na kukaguliwa na watu wa Oregon, Prague na Munich, ambao pengine hawajawahi kushika simu ya gigabaiti moja kwenye mtaa wenye umeme wa kukatika na bando la kuhesabu. Hawatusahau kwa dharau. Hawatuoni tu, kwa kuwa hakuna wa kwetu mezani anayewaambia.

Mlango haujafungwa. Linux haiulizi cheti wala pasipoti. Inauliza rekebisho, na rekebisho likiwa sahihi linapokelewa. Programu ya Outreachy, ambayo mradi wa kerneli umeshiriki tangu mwaka 2013, huwalipa wanagenzi kutoka nchi mbalimbali wafanye kazi na wataalamu wa kerneli wakiwa majumbani mwao. Kinachohitajika ni lugha ya C, uvumilivu, na mwalimu wa kumshika mtu mkono katika miezi ya mwanzo, ambayo ni migumu kweli. Ninachokiomba kwa wakuu wa idara za kompyuta wa SUZA kule Tunguu na wa KIST kule Mbweni ni kwamba somo la mifumo endeshi lisiishie kwenye michoro ya kitabuni na maswali ya kukariri. Wapeni vijana kerneli yenyewe. Waitafute kasoro hii kwenye toleo la zamani ndani ya kompyuta ya majaribio, waione ikifanya kazi, kisha wasome mistari iliyoiziba na waeleze kwa Kiswahili kwa nini imeiziba. Wiki mbili zinatosha, na gharama ni bando la kupakua msimbo mara moja kwa darasa zima.

Mwalimu atakayependa kuanza Jumatatu hana haja ya kusubiri kibali. Historia yote ya kerneli iko wazi kwenye git.kernel.org, na rekebisho la tarehe 13 Oktoba 2016 linapatikana humo kwa namba 19be0eaffa3a.